Lugha ya Mizani na Malipo katika Nchi ya Chai: Kericho na Bomet

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi usemi wa Kiswahili unavyobadilika mahali ambapo kazi yenyewe inabadilika. Mahali tulipopachagua ni vilima vya chai vya Kericho na Bomet, magharibi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, na kazi tuliyoichagua ni ile ya kupima majani mabichi na kuyalipia. Mambo hayo mawili, uzito na malipo, zamani yalikuwa mikononi mwa karani mwenye kalamu. Leo yamo katika mizani ya tarakimu, katika kadi na katika simu ya mkononi. Wataalamu wa lugha wanapoizungumzia teknolojia hii aghalabu hujishughulisha na swali moja tu, nalo ni: kitu hiki tukiiteje? Ndipo tukapata tarakilishi, ngamizi, kipakatalishi, rununu, mdahalishi na mengineyo. Swali hilo si baya, lakini nitajaribu kuonyesha kwamba si swali kubwa. Badiliko lenye uzito zaidi halikutokea katika nomino bali katika kitenzi: ni nani anayetajwa kuwa mtendaji, ni nani anayetajwa kuwa mtendewa, na kwa hiyo ni nani anayeweza kuulizwa jambo linapokwenda kombo.

Sharti nikiri mapema kwamba haya si matokeo ya uchunguzi wa kitakwimu. Ni mambo niliyoyasikia na kuyaandika kwa vipindi katika vituo vya kununulia majani, katika vibanda vya maajenti wa pesa na njiani. Msomaji na ayapokee kwa kadiri hiyo. Sentensi nitakazozitoa ni za aina inayosikika kila siku, na yeyote aliyewahi kusimama foleni katika kituo cha majani atazitambua.

Mahali na lugha zake

Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, lakini mashamba makubwa ya Kericho yalianza katikati ya miaka ya 1920, hasa kwa mtaji wa Brooke Bond na James Finlay. Mashamba hayo yamebadilisha wenyewe mara kadhaa. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na biashara hiyo ya chai ikauzwa tena mwaka 2022. Hivi karibuni mashamba mengi ya eneo hili yamepita katika mikono ya kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kando ya mashamba hayo wapo wakulima wadogo, ambao huuza majani yao kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Nchini kote wakulima wa namna hiyo ni zaidi ya 600,000. Katika eneo letu viwanda vyao ni kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga.

Hali ya lugha ni tofauti katika pande hizi mbili. Katika mashamba makubwa, ambako tangu zamani wamefanya kazi Wakipsigis, Wagusii, Waluo, Waluhya na wengineo, Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Katika vituo vya wakulima wadogo lugha ya kwanza ni Kikipsigis, ila maneno ya kipimo na malipo (kilo, karani, gunia, bonasi) huingia humo kwa wingi. Karani akiwa mgeni, au mkulima akiwa ametoka upande wa Gusii, mazungumzo yote hugeukia Kiswahili bila mtu kutangaza. Hivyo ninapozungumzia Kiswahili cha mizani sizungumzii lugha ya watu wachache. Ni lugha ambayo kwayo riziki ya siku hutajwa na kukubaliwa.

Kipande na tiketi

Kabla hatujafika kwenye mashine yafaa tukumbuke kwamba nchi hii imewahi kuletewa vyombo vya kumbukumbu kutoka nje, na kwamba wananchi hawakungoja kamati iwape majina. Sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi kubeba hati yenye alama za vidole na orodha ya waajiri wake. Hati hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Serikali ilikuwa na jina lake rasmi. Watu wakakiita kipande, basi. Jina la kawaida kabisa, lenye maana ya sehemu ndogo iliyokatwa kutoka katika kitu kikubwa. Hati zenyewe zimekwisha kitambo, lakini hata leo Mkenya akiulizwa kipande chake hutoa kitambulisho cha taifa.

Vivyo hivyo neno tiketi. Kibarua wa mashambani alihesabiwa siku 30 za kazi kwa karatasi moja, na kila siku aliyoimaliza ilitiwa alama. Siku aliyokuja na isitiwe alama ilikuwa siku iliyopotea. Malalamiko yake yaliweza kuelekezwa kwa mtu anayejulikana kwa jina na kwa uso: nyapara hakuniandika. Hiyo ndiyo sentensi ninayoomba msomaji aishike. Ina mtenda (nyapara), ina mtendewa (ni-), na ina tendo ambalo lilipaswa kufanywa na halikufanywa. Ni sentensi ya mtu aliyedhulumiwa, lakini pia ni sentensi ya mtu anayejua aende wapi.

Mizani

Mizani ya zamani katika vituo vya majani ilikuwa ya kuning'inizwa, yenye uso wa duara kama wa saa na mshale mmoja. Gunia lilitundikwa kwenye ndoana, mshale ukatikisika, ukatulia au ukakaribia kutulia, na karani akasoma na kuandika. Malalamiko juu ya utaratibu huo yalikuwa mengi na ya miaka mingi: kwamba karani hakungoja mshale utulie, kwamba alikata kilo kwa ajili ya gunia na umande kuliko ilivyo haki, kwamba nambari iliyoandikwa haikuwa ile iliyosomwa. Sina nia ya kuyasifu ya kale. Wakulima wengi waliibiwa kwa mizani hiyo, na walijua. Lakini mshale ulikuwa hadharani. Mkulima, hata asiyejua kusoma maandishi, aliweza kuutazama na kubishana nao. Sentensi za kituoni zilikuwa kama hizi:

(1) Karani amenipimia kilo kumi na mbili.
(2) Karani amenipunguzia kilo mbili.
(3) Kijana, nipimie tena, mshale haujatulia.
(4) Mama, njoo usome mwenyewe.

Mizani ya sasa ni ya elektroniki. Gunia huwekwa au hutundikwa, tarakimu hujitokeza katika kioo kidogo, nambari husafirishwa hadi katika chombo cha mkononi alicho nacho karani, na risiti ikachapwa hapo hapo. (Kamusi zetu husema stakabadhi. Kituoni sijalisikia neno hilo hata mara moja. Wote husema risiti.) Faida zake ni dhahiri na ni haki kuzitaja. Mkulima hurudi nyumbani na karatasi, jumla ya kilo zake huhesabiwa bila kutegemea hesabu ya karani, na si rahisi tena nambari moja kusomwa na nyingine kuandikwa. Katika baadhi ya mashamba makubwa mchumaji naye hutambuliwa kwa kadi, na kilo alizochuma huingia katika hesabu yake bila daftari. Wakulima wenyewe wamenieleza kwamba hawataki mshale urudi. Nami siutaki.

Hata hivyo, tazama sentensi:

(5) Mashine imesoma kilo kumi.
(6) Imekataa.
(7) Namba yangu haionekani.
(8) Netiweki imepotea.
(9) Mama, mashine ndiyo inasema hivyo.

Katika (1) hadi (3) kila kitenzi kimebeba kiambishi cha mtendewa -ni- pamoja na kauli ya kutendea: -pim-i-a, -punguz-i-a. Kauli hii, kama wanasarufi wajuavyo, huonyesha kwamba tendo limefanywa kwa ajili ya mtu au kwa hasara yake. Kwa silabi hizo chache mkulima alijiweka ndani ya tendo. Katika (5) hadi (8) kiambishi hicho hakipo, na kauli ya kutendea haipo. Mashine husoma, haimsomei mtu. Nafsi ya mkulima imebaki katika (7) peke yake, tena kama mwenye namba, si kama mtu aliyetendwa jambo. Na mtenda, aliyekuwa wa ngeli ya A-WA, sasa ni wa ngeli ya I-ZI.

Msomaji makini atanipinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba Kiswahili siku zote kimevipa vitu uwezo wa kutenda: gari limekataa kuwaka, mvua imekataa kunyesha, kidonda kimegoma kupona. Kwa nini basi mizani ikikataa iwe jambo la ajabu? Atasema pia kwamba hata mshale wa zamani ulisoma. Kwa upande wa sarufi nakubali kabisa. Lugha haikupata muundo mpya. Kilichobadilika ni mahali muundo huo unapotumika. Gari likikataa kuwaka hakuna mtu aliyekuwa na wajibu kwangu kuhusu kuwaka kwake. Mvua haina mkataba nami. Lakini kupima majani ni tendo la kibiashara baina ya watu wawili, na mmoja wao ana wajibu wa kisheria kwa mwenzake. Ndiyo maana sheria ya vipimo na mizani ya Kenya inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kutiwa muhuri. Muundo uliokuwa ukitumika kwa mambo yasiyo na mwenyewe sasa unatumika kwa jambo lenye mwenyewe. Ninadhani hapo ndipo penye badiliko, na ni badiliko la matumizi ya lugha wala si la umbo lake.

Nilishuhudia jambo dogo katika kituo kimoja ambalo lilinionyesha hili kuliko nadharia. Mama mmoja mzee alileta gunia ambalo yeye na mwanawe walikuwa wamelipima nyumbani. Tofauti ilikuwa ya kilo tatu. Mama hakupandisha sauti. Alimwuliza karani, Nani amepima? Karani, kijana mwenye adabu na aliyemwamkia vizuri, akajibu, Ni mashine, mama. Mama akarudia, Najua ni mashine. Nani amepima? Kijana akanyamaza kidogo, kisha akamwonyesha risiti. Mama akaipokea, akaikunja, akaondoka. Sijui ni mizani ipi iliyokuwa na kosa, ile ya kituo au ile ya nyumbani, na kwa hoja yangu haidhuru. Swali lililoulizwa lilikuwa la ngeli ya A-WA na jibu lililotolewa lilikuwa la ngeli ya I-ZI, na baada ya hapo mazungumzo hayakuwa na pa kwenda.

Pesa imeingia

Upande wa malipo hadithi ni hiyo hiyo, ila hapa Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi, na mambo yanayotokea ni ya kusisimua kwa mchunguzi wa maana za maneno.

M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, na jina lake lilikuwa nusu Kiswahili tangu siku ya kwanza. Maneno yake ya msingi hayakutungwa. Yalichukuliwa kutoka katika akiba ya lugha: tuma pesa, toa pesa, weka, lipa, namba ya siri. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Yafaa kuulinganisha mwenendo huu na ule wa wataalamu. Tarakilishi ni neno lililoundwa kwa ustadi, likiunganisha tarakimu na akili, na wanafunzi wa shule zetu hulikariri kwa ajili ya mtihani. Mkulima wa Mogogosiek hana haja nalo, kwa sababu anasema kompyuta na anaeleweka. Mdahalishi lilishindwa na mtandao, ambalo lilikuwepo tayari. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice, kazi kubwa na ya kuheshimika, lakini si hiyo iliyobadilisha usemi wa watu wa kawaida. Kilichoubadilisha ni orodha fupi ya vitenzi katika kioo cha simu ya bei nafuu.

Vitenzi hivyo viliposhuka sokoni vilianza kubadilika maana. Fuliza ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kutenda bila kukoma, na ndicho kilichotupa mfululizo. Tangu Januari 2019 ni jina la huduma ya kumkopesha mtu pesa pale salio lake linapopungua katikati ya malipo. Mwenye kulitoa jina hilo bila shaka alifikiria malipo yasiyokatika. Lakini mchumaji wa chai anaposema nimefuliza, maana yake ni nimekopa, na nyuma yake kuna hisia ya mtu aliyeishiwa. Nimewasikia vijana wasiojua kabisa maana ya kwanza ya neno hilo, na mwalimu akiwapa sentensi kama mvua ilifuliza siku tatu, hucheka. Kwao mvua imekopa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani atalifurahia. Huduma ya kukopesha muda wa maongezi iliitwa Okoa Jahazi, na ile ya akiba na mikopo iliyoanza Novemba 2012 ikaitwa M-Shwari. Jahazi ni chombo cha baharini na shwari ni utulivu wa bahari. Kericho ipo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hiyo. Chai ya Kericho hushuka kwa malori hadi Mombasa kuuzwa katika mnada, ambao tangu mwaka 2020 nao huendeshwa kwa kompyuta, na maneno ya Mombasa yamepanda mlima kwa njia ya simu. Watu ambao hawajawahi kuona tanga wanaokoa jahazi mara tatu kwa wiki. Siwacheki. Sitiari imekufa mikononi mwao kama zinavyokufa sitiari zote zinazotumika sana, na anayeitumia anajua vizuri zaidi kuliko mimi deni lake ni shilingi ngapi.

Tukirudi kwenye mtenda na mtendewa, zamani siku ya mshahara ilikuwa na meza, karani wa mshahara, foleni na daftari la kutia sahihi au dole gumba. Watu walisema leo tunalipwa. Kauli ya kutendwa ilikuwa na mlipaji nyuma yake, hata kama hakutajwa, na alikuwa ameketi pale. Sasa husemwa pesa imeingia au pesa haijaingia. Kitenzi ingia hakihitaji mtu wa kuingiza. Pesa huja yenyewe kama mgeni, wakati mwingine usiku. Hata malipo ya pili ya mwaka, yale ambayo mkulima huyaita bonasi na ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi Oktoba baada ya mwaka wa hesabu kufungwa tarehe 30 Juni, sasa huulizwa hivyo: Imeingia? Ni kweli kwamba kiwango cha bonasi kimeleta manung'uniko makubwa magharibi ya Bonde la Ufa, na hapo watu hutaja viwanda na wakurugenzi kwa majina bila kusita. Ila hayo ni manung'uniko ya kiwango, yanayosemwa kwa pamoja mkutanoni. Mtu mmoja mmoja anapotazama simu yake na kuona pungufu, hana jina la kutaja.

Na pesa ikiingia kwa mtu aliyefuliza, deni hukatwa kwanza, papo hapo, kabla hajaigusa. Sentensi yake ni fupi: Fuliza imekula. Neno la kula kwa maana ya kutwaa mali ya mwingine ni la zamani sana katika Kiswahili, na kwa desturi mlaji alikuwa mtu: kadhi amekula, mnyapara amekula, karani amekula. Lilikuwa shtaka. Katika Fuliza imekula si shtaka tena. Husemwa kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema kwamba maji yamemwagika.

Mashine nyingine

Itaulizwa kwa nini nazungumzia mizani na simu ilhali mashine iliyotikisa Kericho ni ile ya kuchuma chai. Mashine hizo zilianza kuingia mashambani katika muongo wa kwanza wa karne hii, chama cha wafanyakazi wa mashamba kikagoma juu yake mwaka 2010, na mwezi Mei 2023 watu waliokuwa wakiandamana walichoma kadhaa kati yake. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Hilo halihitaji ufafanuzi. Kwa upande wa lugha lakini mashine ya kuchuma ni jambo jepesi. Inaonekana, ina kelele, na wote husema kwa uwazi kampuni imeleta mashine. Mtenda ni kampuni, mashine ni kitu kilicholetwa. Sarufi ya mgogoro ule ilikuwa safi tangu mwanzo, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuweza kukusanyika juu yake. Mizani ya tarakimu haikumfukuza mtu kazini na sijasikia mtu akitaka kuichoma. Iliingia ikiwa msaada, na kwa kiasi kikubwa ni msaada. Ndiyo maana badiliko lililokuja nayo halikuzungumzwa.

Risiti

Risiti za mizani nilizopata kuziona zimeandikwa kwa Kiingereza, na hasa kwa vifupisho vya Kiingereza, herufi mbili au tatu zikifuatwa na nambari. Mkulima huzitambua nambari kwa mahali zilipo katika karatasi: ya chini kabisa ni jumla ya mwezi, iliyo juu yake ni ya leo. Mtoto wa shule akiwepo nyumbani husaidia. Kipande kile kile cha karatasi kilichokusudiwa kumpa mkulima ushahidi kimemfanya amtegemee msomaji mwingine, na iwapo jedwali litabadilishwa hata kidogo, ujuzi wake wa mahali pa nambari hautamfaa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Mkulima katika kituo ni muuzaji wa majani, lakini pia ni mtumiaji wa huduma ya mizani na ya malipo. Sioni ugumu wa kumwandikia risiti kwa lugha ambayo tayari anaitumia kutuma pesa. Maneno yanayohitajika hayafiki kumi, na hayahitaji kuundwa. Namba ya mkulima ipo. Kituo ipo. Uzito na gunia ndilo neno la wakulima wenyewe kwa uzito kabla ya kukatwa, na ni wazi kuliko uzito ghafi wa vitabuni. Kilichokatwa kinatosha kwa kile kinachopunguzwa, nacho kina sifa ya kuuliza chenyewe: kimekatwa na nani, kwa ajili gani? Kilo za leo na jumla ya mwezi hazina utata. Mimi ningeongeza mstari mmoja ambao haupo katika risiti nilizoziona, wa maneno mawili: Aliyepima ni, kisha jina. Chombo cha karani humtambua anapokifungua, kwa hiyo jina lipo tayari ndani ya mashine. Limebaki kuchapwa tu.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kumtwisha karani lawama za mashine. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa karani naye ni mfanyakazi mdogo, na mashine ikiharibika si yeye aliyeinunua. Lakini karani akitajwa kwa jina huweza kujibu, na huweza yeye pia kusema ni nani aliyempa mizani ile na ilikaguliwa lini. Asipotajwa mtu, swali la mama yule hurudi nyumbani naye likiwa limekunjwa ndani ya karatasi.

Limebaki suala la Kikipsigis, ambalo sikuligusa ila kwa mbali. Vitenzi vya lugha hiyo navyo vina viambishi vya kumwonyesha anayetendewa, na ningependa kujua kama viambishi hivyo vimenusurika kituoni pale ambapo vya Kiswahili vimedondoka, au kama mzungumzaji anapohama kutoka lugha moja kwenda nyingine huhamisha pia namna ya kumtaja mtenda. Kazi hiyo yahitaji mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo, mwenye subira ya kukaa kituoni asubuhi kadhaa wakati wa mvua, majani yanapokuwa mengi na foleni ndefu.